Kuandika wosia si kujichuria

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji tuseme neno juu ya uamuzi mmoja ambao watu wazima wengi huuahirisha mpaka wakati ukawapita, nao ni kuandika wosia. Wapo wanaokopa mamilioni bila kutetemeka, wapo wanaohama mkoa na familia nzima kwa taarifa ya wiki moja, lakini ukiwawekea karatasi na kalamu waandike nani achukue shamba, mkono unakuwa mzito. Sisi ni wasaidizi wa kisheria hapa Tanzania, na sehemu kubwa ya kazi yetu ni mirathi.

Ukimuuliza mtu kwa nini hajaandika, jibu la kwanza ni kwamba hana mali. Halafu anaanza kutaja: pikipiki, kiwanja cha mita 20 kwa 20 alichonunua kwa karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa, hisa za kikoba, pesa kwenye laini ya simu, ng'ombe watatu walioko kwa shemeji. Hiyo ni mali, na ndiyo inayopotea haraka kuliko nyumba yenye hati, kwa sababu hakuna ofisi inayojua kwamba ni yake. Jibu la pili ni kwamba hana nafasi, wakati wosia wa mtu wa kawaida hauzidi kurasa mbili. Mazungumzo yakiendelea ndipo linapotoka neno lenyewe: anaogopa. Tena haogopi kitu kimoja. Ni hofu kadhaa zimefungwa kwenye furushi moja, na nyingine hata hazihitaji ujasiri, zinahitaji kujua tu.

Hofu inayotajwa kwa sauti ni ya uchuro. Mtu anahisi kwamba akishaandika "nikifa" amekiita kifo kwa jina. Hatuwacheki wenye hofu hiyo, ila mtu huyohuyo hukata bima ya pikipiki kila mwaka na hajawahi kuhisi kwamba ameiita ajali. Kwa Waislamu neno limeshasemwa zamani: katika hadithi ya Ibn Umar, iliyomo kwa Bukhari na kwa Muslim, haimfai Mwislamu mwenye kitu cha kuusia alale siku mbili ila wasia wake uwe umeandikwa kwake. Hadithi haikumtaja mgonjwa wala mzee. Wasomaji wa Biblia nao wanamkumbuka mfalme Hezekia, aliyeambiwa na nabii Isaya atengeneze mambo ya nyumba yake maana atakufa. Akaomba, akaongezewa miaka 15.

Kama hoja hizo hazitoshi, na mara nyingi hazitoshi kwa kuwa hofu haisikii hoja, basi jioni ya kwanza usiandike wosia kabisa. Andika orodha ya mali na madeni, bila kutaja mrithi wala kifo. Chukua daftari, kila mali ipe ukurasa wake, ujibu maswali haya: ni kitu gani, kiko wapi, karatasi gani inathibitisha, karatasi hiyo ina jina la nani, nani mwingine ana sehemu yake, na kinadaiwa nini. Kiwanja kilichopimwa kinajulikana kwa namba ya kiwanja na ya kitalu. Kisichopimwa kinajulikana kwa majirani wa pande nne, basi waandike majina yao. Gari na pikipiki andika namba ya usajili. Akaunti andika jina la benki na tawi, lakini namba ya siri usiiandike popote. Madeni yawe ya pande zote mbili, unayodai na unayodaiwa, pamoja na kitu ulichoweka rehani.

Orodha hii ina faida hata ukiishi miaka mia. Wengi wakifika kwenye ukurasa wa kiwanja ndipo wanapogundua kwamba karatasi ya mauziano imeliwa na mchwa, au kwamba mashahidi wawili kati ya wanne wameshafariki. Hilo linarekebishika leo, aliyekuuzia akiwa bado hai. Na ajabu ya hofu ni kwamba akishamaliza orodha, mtu aliyekuwa akiogopa huanza mwenyewe kusema, "sasa hili shamba nani ataliweza?" Hapo kazi imeshaanza, na hakuna aliyemsukuma.

Hofu ya pili haitajwi kwa sauti, nayo kwa maoni yetu ndiyo kubwa kuliko zote. Mtu anadhani akiandika ameshatoa. Anajiona amegeuka mpangaji kwenye nyumba yake, akisubiriwa. Hapa kuna kosa la kuchanganya wosia na hiba. Hiba, yaani zawadi unayoitoa ukiwa hai, inahama mkononi mwako sasa. Wosia hauhamishi hata kijiko mpaka siku ya kufariki kwako. Ukiandika Jumatatu kwamba nyumba apewe Asha, Jumanne unaweza kuiuza, kuipangisha au kuchoma tanuri la matofali uani, wala Asha hana pa kukushitaki. Unaweza kuufuta wosia wote na kuandika mwingine mara kumi, ilimradi una akili timamu.

Kwa kuuogopa wosia, wazee wengine wanafanya jambo la hatari zaidi: wanabadilisha jina la hati likawa la mtoto mkubwa "ili kumaliza maneno". Hayo maneno ndiyo kwanza yanaanza. Hati ikishasoma jina la mtoto, anaweza kukopea benki. Akifilisika, nyumba inapigwa mnada na mzee yumo ndani. Mtoto akitangulia kufa, nyumba inaingia kwenye mirathi yake, na mzee anajikuta akibishana na mkwe. Anayeogopa kupoteza mamlaka juu ya mali yake, wosia ndiyo karatasi inayomwachia mamlaka yote.

Ya tatu ni hofu ya watu wa nyumbani, na hii ina sababu zake. Mtu anaogopa kwamba aliyepewa kingi atamharakishia, na aliyepewa kidogo atamnunia mpaka mwisho. Anaogopa pia kwamba mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa atajulikana. Kuhusu siri: kwa wosia wa maandishi unaofuata sheria ya jumla (si ya mila wala ya dini), kazi ya shahidi ni kuona ukitia saini ukiwa na akili zako na bila kulazimishwa. Si lazima asome nani kapewa nini. Unaweza kufunika kurasa kwa karatasi nyeupe ukabakiza sehemu ya saini. Asiyejua kusoma hana nafuu hiyo, kwa kuwa ni lazima asomewe, na mashahidi watasikia. Basi awachague kwa vifua vyao, si kwa undugu wao.

Angalizo moja hapa. Ukienda stationeri kupigiwa chapa, faili linabaki kwenye kompyuta ya watu, na kijana wa pale hana kiapo chochote. Andika kwa mkono, kwa wino usiofutika. Mwandiko mbaya haubatilishi wosia.

Kuhusu mtoto wa nje, kukaa kimya hakumfichi. Hujitokeza msibani au mahakamani, tena akiwa na mama yake na cheti cha kuzaliwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumnyima mtoto manufaa ya haki kutoka kwenye mali ya mzazi wake. Kumtaja kwa mstari mmoja, na fungu lake likajulikana, kunawapunguzia walio ndani ya nyumba kesi ya miaka. Mwenye kuogopa macho ya mkewe anaweza kuukabidhi wosia mahali pa kuhifadhi, naye akaendelea na maisha yake. Hatusemi hilo ni jambo zuri, tunasema linawezekana.

Na aliyekusudia kumnyima mtoto urithi kwa hasira, asimame kidogo. Kwa kanuni za mila zilizotangazwa kwa Tangazo la Serikali Na. 436 la 1963, kumnyima mrithi kunahitaji kusemwa waziwazi pamoja na sababu, sababu zenyewe ni nzito (kama kujaribu kumuua mwenye wosia, au kumtelekeza katika ugonjwa au njaa), na mwenyewe awe amepata nafasi ya kujitetea. "Hanisalimii" si sababu.

Kanuni hizohizo za 1963 ndizo zinazotufanya tuwasukume wanaume wenye wake. Zinatumika kwa jamii nyingi za Bara zinazofuata ukoo wa baba, na asiyeacha wosia mali yake hugawiwa kwa madaraja: mtoto wa kiume wa kwanza wa nyumba kubwa anapata fungu kubwa, wa kike wanapata la mwisho kwa udogo, na mjane hana fungu lake ikiwa marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake, anategemewa atunzwe na watoto. Mwanamume anayesema "mke wangu wanamjua, hawatamsumbua" anauachia ukoo uamuzi ambao angeweza kuufanya mwenyewe kwa sentensi moja.

Ya nne ni hofu ya ofisi: wakili, mihuri, gharama. Sheria haidai wakili. Anayetaka msaada anaweza kwenda RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ambao huandika wosia na kuuhifadhi kwa ada, au kwa watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2017, ambao kwa asiye na uwezo hawatozi. Kinachodaiwa na sheria ni mambo machache, na hapo ndipo wosia mwingi unapoangukia.

Anza kwa jina lako kamili na majina mengine unayojulikana nayo, maana hati inaweza kusoma jina moja na kitambulisho cha taifa lingine. Andika unapoishi, kabila na dini yako, kwa sababu mahakama itauliza sheria ipi ifuatwe. Kisha: "Nikiwa na akili timamu, bila kulazimishwa na mtu, naandika wosia wangu leo tarehe fulani. Nafuta wosia wote niliowahi kuandika kabla ya leo." Tarehe isiandikwe pembeni kama nyongeza. Zikipatikana karatasi mbili zisizo na tarehe hakuna wa kujua ipi iliitangulia nyingine, na kila upande wa familia utashika yake.

Taja mke au mume, wake kama ni wengi, na watoto wote kwa majina. Usiandike "watoto wangu wote". Taja madeni na yalipwe kutokana na nini. Halafu mali moja moja na wa kuichukua, ukitumia maelezo ya lile daftari. "Nyumba yangu ya Mbagala" ni maneno mazuri mpaka siku utakapokuwa na nyumba mbili Mbagala. Malizia kwa sentensi ya vilivyobaki: "Mali yoyote nyingine ambayo sikuitaja apewe fulani", kwa sababu utanunua vitu baada ya leo. Usigawe kisicho chako. Nyumba mliyojenga wawili, sehemu ya mwenzako si yako kuusia, na nyumba yenye hati ya umiliki wa pamoja usiogawanyika inamwendea aliyebaki hai, hata wosia wako useme nini. Mafao ya mfuko wa hifadhi ya jamii nayo hufuata sheria ya mfuko, kwa wategemezi waliotajwa humo. Kwenye SACCOS kuna fomu ya mteule. Nenda kaangalie umeandika nani, maana wengi walijaza kabla hawajaoa na mpaka leo imebaki dada.

Mwislamu anayefuata sheria ya dini yake anajua mpaka: wasia hauzidi theluthi moja ya kilichobaki baada ya mazishi na madeni, wala hausiwi mrithi mwenye fungu lake isipokuwa warithi wengine waridhie. Theluthi mbili zina wenyewe. Mara nyingi kazi ya wasia kwake ni kueleza madeni, amana za watu, fungu la mjukuu yatima au la msikiti, na nani asimamie. Kwa Zanzibar, Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ndiyo yenye shughuli hiyo.

Saini sasa. Kwa kanuni za 1963, anayejua kusoma na kuandika anahitaji mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Asiyejua anaweka dole gumba mbele ya wanne, wawili wa ukoo na wawili baki. Wote wawe wanajua kusoma na kuandika. Mke au wake waliopo nyumbani wakati huo nao hutia saini, juu ya hesabu hiyo. Wote wawepo kwa pamoja, wakuone ukisaini, nao wasaini palepale. Kosa tunalolikuta mara nyingi ni karatasi kutembezwa: shahidi mmoja kasaini Ijumaa baada ya swala, mwingine Jumapili kwake. Siku ya kesi kila mmoja akiulizwa alikuwa na nani, wosia umekwisha. Ukiacha hao wake, anayepewa kitu asiwe shahidi. Chagua walio na umri mdogo kuliko wako. Mashahidi wote wakiwa wazee wenzako, karatasi itabaki bila wa kuisemea. Saini kila ukurasa, weka namba ya ukurasa ("1 kati ya 2"), na nafasi zilizobaki wazi zipige mstari. Ukikosea neno, likate kwa mstari mmoja, andika lililo sahihi, kisha wewe na mashahidi mweke saini fupi pembeni. Makosa yakizidi matatu, andika upya.

Wosia wa mdomo unatambuliwa na mila, mbele ya mashahidi wanne, lakini kesi zake ni za kumbukumbu dhidi ya kumbukumbu. Ujumbe wa sauti uliotumwa kwenye kundi la familia tusiutegemee. Wasomaji wa Kenya wana mipaka iliyo wazi katika Sheria ya Urithi, Sura ya 160: wa mdomo unahitaji mashahidi wawili na unafaa tu kama mwenyewe amefariki ndani ya miezi mitatu, wa maandishi mashahidi wawili, na shahidi aliyepewa kitu anakipoteza isipokuwa wawepo wawili wengine wasiohusika. Huko, na huku pia kwa wanaofuata sheria ya jumla, ndoa mpya inafuta wosia wa zamani, jambo ambalo bwana harusi haambiwi na mtu.

Msimamizi wa mirathi, yaani atakayekusanya mali, kulipa madeni na kuwagawia warithi, ndiye uamuzi unaochelewesha watu kuliko kugawa mali. Wanamtafuta mwema, wakati anayefaa ni mtu wa hesabu na karatasi. Akishateuliwa na Mahakama ya Mwanzo, ana miezi minne ya kupeleka orodha ya mali na madeni kwenye Fomu Na. 5, kisha hesabu za ugawaji kwenye Fomu Na. 6. Kaka mpole asiyetunza risiti atakwama kwenye hizo fomu na wadogo zake watamwita mwizi. Mwombe kabla hujaliandika jina lake, na andika wa akiba, kwa kuwa wa kwanza anaweza kukataa au kutangulia.

Mahali pa kuweka: nakala halisi iwe moja. Mkiwa na nakala halisi tatu, ukitaka kubadilisha itabidi uzikusanye zote. Weka RITA, benki, kwa wakili au kwa kiongozi wa dini unayemwamini, na msimamizi ajue mahali ilipo hata kama hajui kilichomo. Kuna wosia uliofichwa vizuri kiasi kwamba umeonekana baada ya nyumba kuuzwa. Iangalie tena akizaliwa mtoto, mkioana au mkiachana, ukiuza kitu ulichokitaja, au akifariki msimamizi. Ukibadilisha, andika upya na mashahidi upya; usichomeke mstari kwenye karatasi ya zamani ukiwa peke yako.

Tunaona gazeti lako, Mhariri, linachapisha matangazo ya mirathi karibu kila wiki. Tunakuomba juu ya matangazo hayo uweke kisanduku kidogo chenye maneno machache: mashahidi wangapi, watu gani, na kwamba wosia hubadilishwa wakati wowote. Msomaji anayefika ukurasa huo kutafuta jina la ndugu yake yuko karibu zaidi na kalamu kuliko msomaji mwingine yeyote.

Wasaidizi wa kisheria,
Morogoro